Nyumba ya Mwisho Kabla ya Mlima

Mliponiaga pale yadini, mtaa wa Ghala, Maskati, mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru. Mtu aliyestaafu ndiye hasa asiyehitaji kujua saa, lakini nimeitundika sebuleni na mke wangu anaipenda. Siku ile kijana mmoja wenu aliniuliza mbele ya watu ni jambo gani nililojifunza katika kazi ya trela. Nikasema maneno mawili matatu ya kuchekesha, mkapiga makofi, tukala biriani. Jibu lenyewe sikulitoa. Naliandika hapa, kwa sababu ni jibu ambalo halisemeki watu wakiwa wameshika sahani.

Nimezaliwa Unguja, nikasoma huko mpaka kidato cha nne, kisha nikaja Maskati kumfuata ami yangu. Wengi wa kwetu waliokuja wakati ule walikwenda maofisini, kwa kuwa walijua Kiingereza na serikali ilitaka makarani na walimu. Mimi nilipenda injini. Ami yangu hakufurahi. "Tumekusomesha ili uje kukaa na grisi?" aliniuliza, na kwa muda mrefu kila nilipokwenda kwake alinitandikia gazeti juu ya kiti kabla sijakaa. Kiarabu changu kilikuwa cha Kurani na cha jikoni. Niliweza kusoma, niliweza kuomba chumvi, na baina ya hayo mawili hapakuwa na kitu. Lishikeni hilo, lina mahali pake mbele.

Yadi wakati huo ilikuwa banda la mabati, pipa la maji na vichwa vichache vya malori. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Murad. Baadhi yenu mlimkuta ameshakuwa mwalimu wa yadi. Mimi nilimkuta akiwa dereva wa mizigo mizito, na miguu yake yote miwili. Alikuwa Mbulushi aliyezaliwa Mombasa, akaletwa huku akiwa mtoto mdogo. Alisema Kibulushi na Mungu, Kiarabu na maaskari wa barabarani, Kihindi na mafundi, na Kiswahili cha Mvita alipotaka kumtukana mtu kwa raha.

"Wajua kuendesha?" aliniuliza.

"Nnajua, ami."

"Wajua kurudi nyuma?"

"Kidogo."

"Basi hujui kuendesha. Nyinyi watu wa Unguja mwajua kwenda mbele tu, na mbele yenyewe ni bahari."

Akanipangia mapipa matupu, nikawa narudisha trela nyuma baina yake asubuhi na jioni. Mnajua wenyewe jinsi trela lilivyo na ukaidi: ukikata usukani kulia, mkia wake unakwenda kushoto, na ukitaka kulisahihisha kwa haraka linakunjika kama kisu cha mfukoni. Murad alikaa juu ya tairi bovu akila tende. Kila nilipogonga pipa aliokota kokwa moja ya tende akaiweka juu ya ukuta, na jua lilipokuchwa alinionyesha kokwa zote zilizojipanga. "Hao ni watu uliowaua leo," alisema.

Alinifundisha kufunga mzigo. Kwanza mbao chini ya mzigo ili usiteleze, kisha kabari pembeni, kisha minyororo ipite kwa mshazari, mmoja ukivuta huku na mwenzake ukivuta kule. Ukimaliza kukaza, unapita na nyundo ndogo unagonga kila mnyororo na kusikiliza. Uliokazwa hulia wazi kama kengele. Uliolegea hunung'unika. Mpaka leo mkono wangu unagonga vitu, na mke wangu ameniomba niache kugonga sufuria zake.

Lakini chombo alichokitunza Murad kuliko vyote kilikuwa birika la gahawa na vikombe vidogo visivyo na mkono, vilivyofungwa ndani ya kilemba cha zamani na kuwekwa nyuma ya kiti. Na kanuni aliyoishika kuliko zote ilikuwa hii: kabla ya kuingia bonde au kupanda mlima, simama kwenye nyumba ya mwisho. Baada ya nyumba hiyo hakuna mtu tena, ni njia tu. Anayekaa pale huona kila anayepanda, na humjua asiyerudi. Teremka, msalimie, kaa.

Mimi kukaa kulinitaabisha. Mnajua desturi ya hapa. Mwenye nyumba anakuamkia, anauliza hali yako na ya watu wako, kisha anauliza: kuna habari gani? Nawe unajibu: hakuna habari ila kheri. Unamuuliza yeye, naye anajibu vilevile: hakuna habari ila kheri. Hata kama nyumba imeungua, jibu la kwanza ni hilo. Zinaletwa tende, inaletwa gahawa, mnakunywa. Mpaka utakapotikisa kikombe kuonyesha umetosheka, ndipo maneno yenyewe yanapotoka: fulani amekufa, kisima kimekauka, njia imekatika.

"Habari ya kwanza ni adabu," Murad alinambia. "Ya pili ndiyo habari. Ukiondoka baina ya hizo mbili, umeondoka na adabu mfukoni, na adabu haishiki tairi."

Nilidhani ni maneno ya mtu mzima anayependa tende. Na mimi zaidi ya mtu yeyote nilipaswa kulijua jambo hilo. Kwetu Unguja mgeni akija kutoka shamba, bibi yangu alimuuliza, "Habari za huko?" Mgeni akasema, "Nzuri tu, bibi." Wakanywa chai, wakazungumza mvua, na baadaye sana mgeni akatua kikombe na kusema, "Ila Bi Zuhura ametangulia." Bibi hakumlaumu hata siku moja kwa ile "nzuri tu". Ni kitu kilekile. Lakini mtu hajui kuitambua desturi ya kwao ikiwa imevaa kilemba cha wengine.

Safari ninayotaka kuwahadithia ilikuwa ya jenereta la kwenda Musandam, huko kaskazini kabisa ambako nchi inaishia kwa miamba ndani ya bahari. Juu ya mlima, kwenye kijiji kimoja, ilikuwa imejengwa zahanati. Ilikuwa na kitanda, na kabati, na friji ya kuwekea chanjo, na haikuwa na umeme. Mama mjamzito aliyezidiwa aliteremshwa kwa mikono ya wanaume mpaka njia ya gari. Jenereta lilikuwa zito na jipya, limepakwa rangi ya kijani, na nilichaguliwa mimi kuliendesha. Nilikuwa na miaka ya kutosha kazini kuweza kujiona mtu. Murad alitangulia na pikapu yenye bendera nyekundu na taa ya juu, kwa kuwa ndiye aliyeijua njia.

Tulishika pwani ya Batina asubuhi, tukaipita Sohar na Shinas, tukafika mpakani. Musandam ni nchi yetu hiihii, lakini kwa njia ya gari lazima utoke nchini, upite kwa jirani, kisha uingie tena nchini. Kila kituo wanakuuliza umebeba nini, kana kwamba jenereta lingeweza kugeuka ng'ombe njiani. Baada ya mpaka wa pili barabara inabanwa na jabali upande mmoja na bahari upande wa pili, inapinda kila mlima unapoamua kupinda, na dereva wa trela anaendesha kwa mabega. Murad mbele yangu alikuwa akitoa mkono dirishani kunionyesha: polepole, kaa ndani, sasa njoo. Sikuwahi kumuamini mtu kama nilivyouamini mkono ule.

Tulilala Khasab. Asubuhi tukaingia ndani, tukiiacha bahari nyuma. Huko hakuna kijani ila mti mmoja mmoja. Mlima umesimama pande zote, tabaka juu ya tabaka, rangi ya majivu, na ukizima injini unasikia kokoto zikiporomoka zenyewe mahali usipopaona. Kreni ya kuteremshia jenereta ilikuwa imeshapanda siku za nyuma, na dereva wake alikuwa hatuachi kwa redio: mko wapi, anatakiwa bandarini, hawezi kungoja zaidi. Juzi yake mvua ilikuwa imenyesha mlimani, na kreni ilipanda kabla ya mvua hiyo. Chini tulipokuwa sisi mchanga ulikuwa mkavu. Juu kulikuwa na mawingu mengine.

Tulipokaribia mdomo wa bonde, mpira wa upepo wa breki za trela ukaanza kuvuja. Murad akaingia chini kuufunga, akanambia, "Chukua pikapu, nenda nyumba ya mwisho, kwa Saleh. Kanywe gahawa, umuulize njia. Mpaka urudi nami ntakuwa nimemaliza."

Nyumba ya Saleh ilikuwa ya mawe, imeegemea jabali, na baraza lake linaiangalia njia. Mwenyewe alikuwa mzee mwembamba, na mkononi ameshika lile shoka dogo la mpini mrefu ambalo wanaume wa milima ile wanatembea nalo kama sisi tunavyotembea na bakora. Aliponiona alisimama.

"Marhaba, karibu mwanangu. Hujambo? Watu wako hawajambo? Murad hajambo?"

"Hatujambo, baba. Murad yuko chini ya trela."

"Mwenyezi Mungu amtoe salama. Kuna habari gani?"

"Hakuna habari ila kheri," nilijibu, na nilijiona mjuzi kwa kujua hata hilo. Kisha nikamuuliza kwa Kiarabu changu kibovu, "Na njia ya juu, baba? Ina habari gani?"

"Hakuna habari ila kheri, alhamdulillahi. Kaa."

Nilisikia nilichotaka kusikia. Birika lilikuwa ndio kwanza linatiwa juu ya makaa, na kwa mambo ya pale najua lisingechemka upesi. Nikatazama mawingu.

"Niwie radhi, baba. Mzigo unangoja."

"Mzigo ni chuma, mwanangu. Chuma hakichoki kungoja. Kaa."

Nikacheka, nikaweka mkono kifuani kwa heshima, nikaondoka.

Murad alikuwa anajifuta mikono nilipofika. "Enhe?"

"Njia salama. Kasema hakuna habari ila kheri."

"Umekunywa gahawa?"

"Nimekunywa."

Hilo ndilo neno langu. Nimelitazama kwa miaka mingi kutoka kila upande na halijawahi kukua wala kupungua. Sikusema njia ni nzima nikijua imevunjika, hilo sikulijua. Nilisema uongo wa kikombe cha gahawa, ili nisikemewe kama mtoto. Murad akaniangalia kidogo, akakusanya vyombo vyake, tukaondoka.

Tulipita chini ya nyumba ya Saleh. Murad ametangulia na pikapu, na alikuwa ameshapinda kona, kwa hiyo hakuona. Mimi nilitazama kioo cha pembeni nikamwona mzee amesimama ukingoni mwa baraza ameinua shoka lake juu, analitikisa. Nikadhani ananiaga. Nikampigia honi.

Njia ilipoanza kuwa mbaya Murad aliacha pikapu na kutembea kwa miguu, kama alivyofanya siku zote. Kwenye kila kona alisimama upande wa nje, karibu na magurudumu ya nyuma, kuniambia nimebakiwa na nafasi kiasi gani. Kona yenyewe niliiona nzuri. Kokoto zilikuwa zimeshindiliwa, hakuna ufa, hakuna unyevu. Tatizo lilikuwa chini. Maji ya ile mvua ya juzi yalitoka kwenye korongo la pembeni yakaula ukingo kwa ndani, yakaacha ganda. Juu palikuwa na barabara, na chini ya barabara hapakuwa na kitu.

Sikusikia kishindo kikubwa. Nilihisi kichwa cha lori kikivutwa nyuma, kama mtu anapokushika kanzu, na kwenye kioo nikaona trela linainama. Nikakanyaga breki, zikashika. Murad aliruka upande wa jabali la chini na ubavu wa trela ukamfuata, ukamshika mguu baina ya chuma na mwamba. Jenereta halikutoka. Minyororo aliyoikaza mwenyewe ilishika yote. Ingekatika, nisingekuwa na mtu wa kumwomba radhi.

Nilipomfikia alikuwa macho. "Usiliguse gari," alinambia. "Tia kabari." Nikatia kabari, mbao na mawe, chochote mkono ulichokipata. Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka kwamba watu walikuja wakipanda mbio, wanaume wa bondeni na mashoka yao na mitaimbo, na mbele yao, kanzu ameikunja kiunoni, yuko Saleh. Alikuwa ametoka nyumbani kabla ya ajali, anatufuata kwa miguu. Walichimba, wakainua, wakamtoa. Hapakuwa na machela, kwa hiyo Saleh aliagiza mlango wa nyumba yake ung'olewe, na juu ya mlango huo ndipo Murad alipoteremshwa mlimani.

Mguu ulikatwa chini ya goti, Maskati, baada ya madaktari kujaribu walivyoweza.

Nilikwenda kumtazama. Mke wake alikuwepo, akatoka ili tuzungumze. Murad alinitazama, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hivi gahawa ya Saleh ile ilikuwa na nini siku ile? Hiliki, au zafarani?"

Ningeweza kubahatisha. Nilikuwa na nusu ya nafasi ya kupata.

"Sikunywa, ami," nilisema.

Akageuza uso dirishani. "Haya," akasema. Kisha akasema, "Niitie mama watoto, nna kiu."

Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa yadi nikamweleza kama ninavyowaeleza nyinyi. Aliandika, akanitazama, akasema nisiguse usukani mpaka atakapoamua. Sikupinga. Nilifagia yadi, nikapanga minyororo. Jenereta lilikuwa limerudishwa Khasab, limekaa chini ya turubai, na kule juu friji bado ilikuwa kabati tu. Mkuu alikwenda hospitali kumuuliza Murad ni nani wa kulipandisha. Alirudi amekunja uso.

"Anasema uende wewe."

"Mimi siwezi," nilisema.

"Nami nilimwambia hivyo. Akanambia: mwengine yeyote ataanza upya. Huyu ameshaanza."

Nilikwenda. Dereva mwengine alitangulia na pikapu, mtu mwema asiyesema sana. Njia yote ya pwani nilitafuta mkono dirishani mbele yangu na haukuwepo. Tulipofika mdomo wa bonde niliegesha trela na kupanda kwa Saleh peke yangu. Mlango wa nyumba ulikuwa umerudishwa mahali pake. Mbao zake zilikuwa na doa moja lililosuguliwa na halikutoka. Nilisimama chini ya baraza, na nawaambia kweli, nilitamani anifukuze.

Saleh alisimama. "Marhaba, karibu mwanangu. Hujambo? Watu wako hawajambo?"

"Hatujambo, baba."

"Kuna habari gani?"

Mguu wa Murad umezikwa Maskati, doa liko mlangoni, na mzee ananingoja nijibu linalojibiwa. Nikasema, "Hakuna habari ila kheri." Sikuwahi kujua kabla ya siku ile kwamba maneno yale yana uzito. Si uongo. Ni namna ya kumwambia mwenzio: ninayo, lakini sikutupii mlangoni, kaa kwanza, nami nikae, tuibebe sote.

Zikaja tende. Ikaja gahawa. Nilipoinua kikombe cha kwanza harufu ikanipiga usoni. Haikuwa hiliki, wala haikuwa zafarani. Ilikuwa na karafuu, nyingi, kali, kama barabara za kwetu zinavyonukia wakati wa mavuno, karafuu zinapoanikwa kwenye majamvi. Hapo ndipo nilipolielewa swali la Murad hospitalini. Mtu wa Unguja anywe gahawa ya karafuu juu ya mlima mwisho wa dunia, arudi kwa mwenziwe asiitaje? Ingekuwa ndilo neno la kwanza kinywani mwangu.

Nikanywa, nikatikisa kikombe.

"Sasa sema," akasema Saleh.

Nikamwambia yote, mguu, na hospitali, na uongo wangu. Kiarabu kilinitosha; nimegundua kwamba jambo la kweli halihitaji maneno mengi. Alisikiliza mpaka mwisho, akiwa amelaza shoka juu ya magoti.

"Siku ile ulipopita," aliuliza, "uliniona?"

"Nilikuona. Uliinua shoka. Nikadhani unaniaga. Nikapiga honi."

"Nilikuwa nakwambia simama."

Mbuzi mmoja alikuwa akikwangua mwamba kwa kwato, na sauti yake ilikuwa kubwa mno.

"Habari nilikuwa nayo," akasema Saleh. "Mpwa wangu alipita na mbuzi alfajiri, akanambia kona imeliwa kwa chini. Nikasema ntamwambia mgeni akishakunywa. Baba yangu hakumpa mtu habari mbaya na tumbo tupu, wala babu yangu. Nawe ukaondoka, nayo ikiwa bado iko hapa." Akagusa koo. "Tangu siku ile najiuliza, desturi ni kitu gani mbele ya mguu wa mtu? Si ningeitupa tu, kama jiwe?"

"Si kosa lako, baba," nilisema. "Kosa ni langu mimi."

Akanikazia macho, na hapo tu ndipo sauti yake ilipopanda. "Changu usinichukulie. Beba chako."

Kisha akaniambia njia. Kona ya kwanza ishikwe ndani kabisa. Ile iliyoanguka wameijaza mawe, lakini haijakaa. Iachwe, nipite chini bondeni, panapopita maji, mpaka kwenye mwamba mweusi, nipande hapo. Akavaa viatu na kutembea mbele ya trela mwenyewe, na kila palipokuwa na mashaka aliinua shoka, nami nilisimama. Siku ile nililijua shoka lile linasema nini. Tulifika juu jua likiwa bado lipo. Kreni, iliyotufuata nyuma safari hii, ikainua, mafundi wakaunganisha, friji ikaanza kunguruma. Mwanamke mmoja mtu mzima aliweka kiganja juu ya friji, akakiacha pale, kisha akaenda zake.

Niliporudi Maskati nilikwenda kwa Murad na vumbi langu. "Karafuu," nilimwambia nikiwa bado mlangoni.

Alicheka, kidogo, kwa pua. "Kaa," akasema.

Hakulitaja tena. Alirudi yadini na mguu wa bandia, akawa mwalimu, na mliopita mikononi mwake mnakumbuka alivyokuwa akiugonga kwa ile nyundo ndogo mbele ya wanafunzi wapya na kutega sikio. "Umekazwa," alikuwa akisema. Wengine walicheka. Mimi sikuweza, naye alijua, na nadhani mara nyingine aliugonga kwa ajili yangu.

Baada ya hapo nimeendesha miaka mingi, na nimefundisha wengi. Nimepeleka mabomba jangwani, na mashine ambazo mpaka leo sijui zinafanya nini. Kila mahali nilisimama kwenye nyumba ya mwisho. Najua baadhi yenu mlinicheka: njia sasa imo ndani ya simu, na nyumba ya mwisho siku hizi mara nyingi ni kituo cha petroli chenye muuza chai. Basi kunyweni chai yake. Naye anaona wanaopanda.

Lipo kosa jengine, na hili si la zamani. Murad alipostaafu alibaki kwake Al Khoudh, ule mtaa wa zamani karibu na bonde, nami ninakaa Al Khoudh hiyohiyo, upande wa nyumba mpya. Mwanzo nilikwenda kila Ijumaa. Kisha Ijumaa moja ndiyo, moja la. Kisha Idi hadi Idi. Nilipofika nilimuuliza, "Hujambo, ami?" akasema, "Sijambo," nikanywa kikombe kimoja nimesimama nusu, funguo za gari mkononi, nikaondoka nikijisifu kwamba nimemtazama mzee. Baada ya yote niliyoyaandika hapo juu. Mtu anaweza kufundisha somo maisha yake yote na lisimfike.

Wiki iliyofuata baada ya biriani yenu, baada ya sala ya Alasiri, nilikwenda. Binti yake alinifungulia, akanipisha, na macho yake yalikuwa mekundu. Murad alikuwa ameegemezwa kwenye mito. Amekuwa mdogo. Mguu wa bandia ulikuwa umesimamishwa kwenye pembe ya chumba, umevishwa soksi, na ulionekana haujavaliwa muda mrefu.

"Habari yako, ami?"

"Hakuna habari," akasema polepole, "ila kheri." Akatazama mkono wangu wenye funguo. "Una haraka?"

"Sina."

Nikaziweka funguo chini, nikavua saa ya mkononi nikaiweka juu ya funguo hizo, nikakaa kwenye zulia. Binti yake akaleta birika na tende. Nilinusa kabla hajamimina: karafuu. Sikujua tangu lini walianza kutia karafuu nyumba ile, na sikuuliza. Nilikunywa cha kwanza, nikanywa cha pili, nikanywa na cha tatu, naye alilowesha midomo tu ili nisinywe peke yangu. Nikatikisa kikombe.

"Haya, ami," nikamwambia. "Sasa habari."